B Nne na C Tatu: Hotuba kwa Kidato cha Tatu, Wete

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazee wetu mliokaa nyuma kwenye viti, na nyinyi wanafunzi mliokaa chini kwenye mikeka kwa kuwa viti havikutosha: nakushukuruni kwa kunialika. Nimeambiwa nizungumze juu ya malengo ya kijana, na nisipitilize wakati maana kambi hii ya kudurusu ina ratiba yake na baada yangu kuna Kemia. Mimi ni mwalimu wa hisabati, ndiyo maana nimeomba ubao na chaki. Bila ya hivyo huwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Nilipoingia nimekuta mmebandika makaratasi ya rangi ukutani, kila mmoja kaandika ndoto yake. Nimeyasoma yote. Madaktari ni wengi mno. Marubani wapo, mawakili wapo, na mmoja kaandika "bilionea" bila ya kusema wa biashara gani. Mmoja tu, na sitamtaja, kaandika: "Nataka nisiogope kunyoosha mkono darasani." Huyo tutarudi kwake baadaye kidogo.

Sina ugomvi na udaktari. Ila sote humu tunajua majibu haya yalianzia wapi. Tangu una miaka mitano, kila mgeni akija nyumbani, awe ami yako, awe shangazi, awe rafiki wa baba aliyeshuka boti Mkoani asubuhi ile, akishamaliza chai anakuita: "Ehe, na wewe ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" Unasema daktari. Unaambiwa mashaallah, unapewa shilingi elfu, unakimbilia dukani. Umejifunza mapema kwamba jibu hili linalipa. Ni adabu njema kumfurahisha mgeni, lakini jibu lile halijapata kumwamsha mtu alfajiri akadurusu.

Lengo lisilo na siku wala saa ni sawa na posa isiyopangiwa tarehe ya ndoa. Halua imeliwa, watu wamepongezana, mchumba anaitwa mchumba mwaka wa tatu huu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuulizia bei ya mchele.

Msidhani nimekuja kukufundisheni kitu kigeni. Mnajua kupanga lengo, tena mnajua vizuri. Nani hapa alikhitimu msahafu Ramadhani iliyopita? Nyoosheni mikono. Mashaallah, ni wengi. Haya, wewe wa mbele, uliufanyaje?

(Akajibu: "Kurasa nne kila baada ya sala, mwalimu.")

Kurasa nne. Msahafu wa chapa ya Madina, huo mlionao wengi wenu, una kurasa 604. Juzuu ni 30, na kila juzuu kama kurasa 20. Nne mara sala tano ni 20 kwa siku. Siku 30 umefika 600, zinabaki nne za kumalizia. Hakuna katika nyinyi aliyekaa akajiambia "Ramadhani hii nitajitahidi kusoma sana" kisha akakhitimu. Waliokhitimu walipiga hesabu, au walifundishwa hesabu na mtu aliyekwishaipiga. Na angalieni jambo moja: kurasa zile mmezifunga kwenye kitu ambacho tayari mnakifanya. Hukuhitaji kukumbuka. Adhana ilikukumbusha, na msahafu ulikuwa pale pale ulipokaa kusali. Wasichana wana siku zao, na hesabu yao lazima izijue, kwa hivyo wajanja wao huanza na tano au sita tangu mwezi mosi Ramadhani.

Sasa nikuulizeni jengine. Mtu amekwenda vizuri siku saba, kisha ikaingia homa, au safari, au uvivu tu, akakosa siku tatu. Anafanya nini? Wengi huacha. Wanasema mwaka huu imeshaharibika, nitakhitimu mwakani. Hebu tutazame ubaoni kama kweli imeharibika. Siku saba kwa kurasa 20 ni 140. Zimebaki 464. Siku kumi zimekwisha, tufanye mwezi utaandama kwa 29, zimebaki 19. Gawanyeni. Ni kama kurasa 24 na nusu kwa siku. Badala ya kurasa nne kila sala, tano. Basi. Siku tatu nzima zilizopotea gharama yake ni ukurasa mmoja zaidi kila baada ya sala. Deni lenyewe ni dogo, kinachotutoa mbio ni kule kuogopa kulihesabu. Ndiyo sababu kijana akikosa wiki mbili za kudurusu anasema "nitaanza upya mwezi ujao", na mwezi ujao ukifika kuna mwezi mwengine nyuma yake.

Tuje kwenye kilichokuleteni kambini. Ukutani pale, baada ya udaktari, kinachofuata kwa wingi ni "Divisheni Wani". Vizuri. Nani anajua wani inapatikanaje?

(Kimya. Mmoja akasema: "Kwa kusoma kwa bidii.")

Huyo amejibu kama wazee wa nyuma. Sikilizeni. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, Baraza la Mitihani linachukua masomo yako saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Unajumlisha. Ukipata kuanzia 7 mpaka 17, una daraja la kwanza. Kuanzia 18 mpaka 21 ni la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne. Sasa nisaidieni. B nne ni pointi ngapi? Nane. C tatu? Tisa. Nane na tisa?

(Ukumbi: "Kumi na saba!")

Kumi na saba. Hiyo ni wani, na haina A hata moja ndani yake. Naona wengine mnatazamana. Mmekaa mwaka na zaidi mkiiogopa wani mkidhani ni ya watu wanaopata A saba. Ni wani ya mlangoni, nakubali, na anayetaka udaktari ataulizwa Fizikia, Kemia na Baiolojia moja moja. Lakini angalau sasa mnaujua mlango uko wapi.

Tumchukue mwanafunzi wa kubuni. Mtihani wa muhula uliopita ana B ya Kiswahili, B ya Elimu ya Dini, C ya Historia, C ya Jiografia, C ya Baiolojia, D ya Kiingereza, D ya Hisabati. Jumlisheni. Ishirini na moja. Yuko daraja la pili, mwishoni kabisa, na anatafuta kumi na saba. Anahitaji pointi nne. Hatakiwi kuwa mtu mwengine, hatakiwi kubadilisha akili. D zake mbili zipande C, Jiografia ipande B, Dini ipande A. Nne hizo.

Tuingie ndani zaidi, kwenye Hisabati, maana huko ndiko machozi yaliko. Alama 30 mpaka 44 ni D, 45 mpaka 64 ni C. Huyu alipata 38. Anatafuta alama saba. Chukueni karatasi za kidato cha nne za miaka ya karibuni: sehemu A ina maswali kumi, kila moja alama sita, sehemu B maswali manne, kila moja alama kumi. Alama saba ni swali moja la sehemu A na kipande. Kwa hivyo achague mada mbili ambazo sasa hivi anaziacha wazi, tuseme takwimu na mfuatano, ambazo mnazisoma mwaka huu huu. Aseme: kila Jumamosi baada ya alasiri, kwenye meza ya ukumbini, maswali matano ya takwimu kutoka karatasi za zamani, mpaka mwezi uishe, kisha nahamia kwenye mfuatano. Hilo ndilo lengo. "Nataka kufaulu hisabati" ni dua. Iombeni, dua ni kitu kikubwa, ila kwenye ratiba andikeni maswali matano.

Wataalamu wawili wa saikolojia, Edwin Locke na Gary Latham, mwaka 2002 walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 35 juu ya malengo. Moja waliloliona tena na tena ni kwamba mtu aliyepewa lengo mahsusi na gumu kidogo hufanya vizuri zaidi kuliko aliyeambiwa "fanya uwezavyo". Walimu wenzangu, tulisikie hili. Mara ngapi tunaandika kwenye ripoti "ongeza bidii" na kupiga saini? Bidii ya nini, ya saa ngapi? Mtoto anaipeleka ripoti nyumbani, baba anasoma "ongeza bidii", anamwambia "umesikia, ongeza bidii", na bidii yenyewe hakuna aliyeiona inafananaje.

Tena hilo la maswali matano lina faida nyengine. Divisheni si mali yako peke yako. Mtihani unatungwa na watu usiowajua, unasahihishwa na watu usiowajua, na siku yenyewe unaweza kuamka na homa. Maswali matano ya Jumamosi ni yako. Hakuna wa kukunyang'anya, na Jumamosi jioni unajua umeyafanya au hukuyafanya.

Nilisema nitarudi kwa yule asiyetaka kuogopa kunyoosha mkono. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo karatasi bora ukutani pale. Ya rubani italazimika kungoja miaka. Yake anaweza kuijaribu Jumatatu. Nitamwongezea kitu kimoja tu: achague kipindi kimoja, chenye mwalimu anayemwogopa kidogo kuliko wengine, na aseme katika kipindi hiki kila wiki nitauliza swali moja, hata liwe "mwalimu, rudia hapo". Swali aliandike usiku wa kuamkia, kwenye daftari, ili akisimama asome tu. Wanaomcheka watacheka wiki mbili. Hakuna mtu mwenye nguvu za kucheka swali moja mwaka mzima.

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo vitabu vingi vya malengo huiruka, kwa sababu vimeandikwa na watu ambao hawajapata kuishi kwenye nyumba yenye karafuu mbichi.

Mnajua msimu unavyokuwa. Magunia yanarudi kutoka shamba jioni, jamvi linatandikwa, na nyumba nzima inakaa kuchambua. Bibi yupo, mama yupo, watoto wadogo wapo wanaojifanya wanachambua. Unashika kikonyo, unakisugua kiganjani, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo unayatupa upande ule. Taa ipo juu, vidole vinanata, harufu inakuingia mpaka kooni, na kazi hailali maana zinatakiwa kuanikwa kesho jua likitoka. Kama mwaka huo mikarafuu imezaa vizuri, mambo huwa hivyo kwa wiki na wiki. Mwanafunzi aliyeandika kwenye ratiba yake "kila usiku saa mbili mpaka saa nne nadurusu" atafanya nini? Ratiba ile inakufa usiku wa kwanza, na yeye anajiona mvivu, ilhali siku nzima hakukaa kitako.

Karafuu haziji kwa ghafla. Mnaziona mtini zikiwa bado changa. Basi ziandikeni kwenye mpango. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer wa Ujerumani na mwenzake Veronika Brandstätter walichapisha utafiti mwaka 1997. Waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika taarifa fupi wakati wa likizo. Baadhi waliombwa kwanza waseme watakaa wapi na saa ngapi kuiandika. Wengine hawakuombwa. Wale waliosema wapi na lini, karibu robo tatu yao waliifanya kazi. Wengine ni kama theluthi tu. Wote walikuwa na nia. Kilichowatenganisha ni sentensi moja: ikifika kadha, nitafanya kadha.

Tuitie maji ya Pemba sentensi hiyo. "Nikikaa jamvini kuchambua, mdogo wangu ataniuliza majina ya elementi ishirini za mwanzo kwa mpangilio." Mikono inafanya kazi, mdomo upo huru. Naijua nyumba moja, siitaji, ambayo msimu mmoja mpaka bibi aliweza kusema haidrojeni, heli, lithi, na alikuwa anawasahihisha. "Likiwa bamvu na mama yuko pwani kwenye pweza, nitakaa na wadogo zangu, na kitabu cha Historia kitakuwa mkononi wakati wamelala." Bamvu nalo, maji yanapojaa sana na kupwa sana, lina kalenda yake, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Yeyote mwenye mama wa pwani anaweza kuchukua kalenda leo akajua siku zipi mwezi ujao nyumba itakuwa mikononi mwake. Na nyinyi mnaotoka Kojani na vijiji vya uvuvi, mnajua kaka na baba wakienda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, kazi za nyumbani zinagawanywa upya. Andikeni hivyo hivyo: dago likiondoka, siku zangu za kusoma ni zipi.

Hapa nageukia wazee wa nyuma, kwa heshima zote.

Wazee wangu, nendeni baada ya alasiri mkaangalie barazani. Nani amekaa? Ni mtoto wa kiume, na simu. Dada yake wa kidato hicho hicho yuko wapi? Anateka maji, anatwanga, anaosha vyombo vya mchana, anamwogesha mdogo, na saa mbili usiku ndipo anafungua daftari, macho yameshakuwa mazito. Halafu matokeo yakitoka tunasema huyu mtoto wa kike akili yake ndogo ya hisabati. Mimi nimewafundisha wote wawili. Akili haina tatizo. Ana saa moja, mwenzake ana nne. Nilipata kumfuata mzee mmoja nyumbani kwake kumwomba jambo dogo: saa moja tu kwa siku, kati ya alasiri na magharibi, binti asiitwe. Hata kwa chumvi asiitwe. Mama yake alicheka, akasema mwalimu, saa hiyo ndiyo hasa ninayomhitaji. Tukakubaliana mtoto wa kiume awe ndiye anayeitwa saa hiyo. Aliona haya wiki ya kwanza. Alizoea. Ugali anausonga mpaka leo, tena vizuri.

Mabinti, msiende nyumbani mkasema "mwalimu kasema nisifanye kazi". Sijasema hivyo na sitakuja kukuokoeni. Ombeni saa moja, itajeni, na mshukuru mkiipata.

La simu nitalipitia haraka kwa sababu mmeshalisikia mpaka limekuchosheni. Wakati wa yale maswali matano, simu iwe chumba chengine, mikononi mwa mtu. Nimemaliza.

Jambo linalohitaji maneno zaidi ni hili la kukadiria muda. Mwaka 1994 ulitoka utafiti kutoka Kanada. Wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu zao waliulizwa: utamaliza baada ya siku ngapi? Kwa wastani walisema siku 34. Walimaliza kwa siku 55. Hawa ni watu wazima, wana maktaba, wana umeme usiokatika. Basi wewe wa kidato cha tatu ukisema "mada hii nitaimaliza kwa wiki moja", andika wiki mbili wala usione aibu. Akibahatika mtu akamaliza mapema, apumzike, akale urojo. Ratiba iliyojazwa mpaka ukingoni huvunjika kwa msiba mmoja tu wa jirani, na Pemba hatuachi kwenda msibani kwa sababu ya ratiba.

Halafu kuna kutangaza. Naona siku hizi kijana akipanga lengo, kabla wino haujakauka limeshakuwa stetasi: "2027 wani inshaallah", na mioyo mitatu. Watu hamsini wanajibu "amin". Bibi zetu wangesema utapigwa jicho. Mimi nitasema jambo linalokaribiana na hilo kwa njia nyengine. Mwaka 2009 Gollwitzer yule yule na wenzake waliona, kwa wanafunzi wa sheria miongoni mwa wengine, kwamba aliyetangaza nia ya kuwa mtu fulani, na nia ile ikapokelewa na mwengine, baadaye huwa na bidii ndogo kuliko aliyekaa nayo kimya. Zile "amin" hamsini ni tamu, na kwa usiku mmoja unajisikia umeshafika. Kwa hivyo mwambie mtu mmoja. Mwenzako wa dawati, au dada yako, mtu ambaye Jumamosi usiku atakuuliza "maswali matano yako wapi?" na usiweze kumdanganya. Watu wa kukupongeza waache mpaka matokeo.

Na lengo likibadilika? Libadilike. Una miaka kumi na sita, hujaona hata robo ya kazi zilizopo duniani. Kuna wengine humu hawataki kidato cha tano, wanataka ufundi, na wanaogopa kuandika hivyo ukutani kwa sababu ufundi haupewi shilingi elfu na mgeni. Vitongoji kuna kituo cha mafunzo ya amali. Daya kipo chengine. Fundi umeme anayejua kazi yake hapa Pemba haulizwi divisheni, anaulizwa ana nafasi lini.

Mtu wetu anayetajwa kila mahali siku hizi ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana, akapata Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Wasemaji hupenda kuanza na Nobel. Mimi hupenda kuanza katikati. Alianza kuandika akiwa na miaka 21, ugenini. Riwaya yake ya kwanza ikachapishwa mwaka 1987. Pigeni hesabu: hapo ana miaka karibu 39. Kutoka hapo mpaka Nobel ni miaka mingine 34, na muda huo akifundisha chuo kikuu mpaka akastaafu. Zawadi ile haikupangwa na mtu yeyote kwenye daftari. Kurasa zinapangika.

Nilikuwa nimefika mwisho lakini kuna mkono umenyooshwa kule ukutani, na baada ya maneno yote niliyoyasema siwezi kuuacha. Sema, mwanangu.

("Mwalimu, mzee wangu anataka nibaki sayansi mpaka chuo kikuu. Mimi nataka umeme wa magari. Nikimwambia hanisikilizi.")

Asante. Mzee wako yupo humu? Hayupo. Basi tuzungumze.

Kwanza, ulimwambia lini? Kama ulimwambia mbele ya wageni, au ametoka kazini na jua lake kichwani, hilo halikuwa la kujibiwa. Mngoje baada ya isha, ameshakula, mko wawili. Usiende na maneno "sitaki sayansi". Mzee wako hana mapenzi na jedwali la elementi, ana hofu usije ukakaa barazani bila ya kazi. Zungumza na hofu hiyo. Nenda na karatasi. Andika masomo yako saba na pointi zake, hivi tulivyofanya ubaoni. Andika kituo unachokitaka, nini wanataka kwa kuingia, mafunzo ni muda gani. Hayo nenda kituoni mwenyewe ukaulize, usimwambie mzee vitu ulivyovisikia kwa rafiki. Kisha mwonyeshe kwamba Fizikia unaihitaji kwa njia yake na kwa njia yako pia, na kwamba mpaka kidato cha nne hamna pa kugombania, kwa kuwa masomo ni yale yale. Muombe suala la baada ya hapo liwekwe mpaka matokeo yatoke. Mzee akikataa kabisa, mjomba wako yupo? Basi mpitishie mjomba. Na ikiwa hata mjomba ameshindwa, njoo skuli uniambie, nitakuja kunywa chai kwenu. Nimeshakunywa nyingi za namna hiyo.

Unalo jengine? Hapana? Haya. Kila mmoja afungue daftari ukurasa mpya. Aandike somo moja, mada moja, siku, saa, na mahali atakapokaa. Chini yake aandike jambo moja analolijua litakalomzuia mwezi huu, karafuu, bamvu, dago, harusi ya dada, lolote, na sentensi ya "ikifika, nitafanya". Mna dakika kumi. Sitakusanya, sitasoma. Mwalimu wa Kemia yuko mlangoni anatazama saa. Mwalimu, naomba hizo dakika kumi zako, nitakulipa Jumanne.